Subiri Apatikane Mshindi

4 Novemba 2006

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko ugenini? Mimi sijambo, ila macho. Daktari anasema ni presha ya macho, akanipa matone. Mshonaji wa jirani ndiye anayenitilia. Waya mwekundu na wa kahawia siku hizi nauona mmoja, kwa hiyo televisheni za watu nimeacha kutengeneza, nimebaki na redio.

Tangu mama yako atuache, nyumba imekuwa kubwa mno. Video uliyonitumia naiangalia kila siku, lakini uso wako una ukungu. Ulisema dukani kwenu kuna deki mpya zinazoonyesha mpaka kope. Nitumie moja, na diski yenye sura yako, nikuone vizuri wakati bado naweza.

Baba yako


2 Desemba 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu. Pole sana na macho, usiache matone.

Deki hizo ziko aina mbili, Blu-ray na HD DVD, na diski ya hii haichezi kwenye ile. Nauza zote kwa tabasamu lile lile, ila moja lazima itakufa. Nani alinifundisha kwamba mteja hapewi mashine itakayokosa spea? Subiri apatikane mshindi, Baba, nikutumie ya kudumu.

Binti yako


19 Mei 2007

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi naendelea hivyo hivyo. Vipi, ligi yenu haijaisha tu? Meza ya deki nimeshaiandaa. Hii kalamu nene ni ya kuandikia maboksi, usinicheke.

Nitumie yoyote. Hata hiyo itakayoshindwa.

Baba yako


30 Juni 2007

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Nimecheka sana na kalamu yako! Vumilia kidogo tu, nisije nikakutumia pambo la kabatini. Nimeshajirekodi, nimejifunga kile kitambaa cha mama. Diski ziko tayari, za aina zote mbili.

Binti yako


1 Machi 2008

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? HD DVD imesalimu amri! Deki ya Blu-ray iko njiani pamoja na diski. Mwishoni nanyamaza na kuisogelea kamera, unihesabu kope.

Binti yako


12 Aprili 2008

Mwanangu,

Salamu nyingi. Anayeandika ni mshonaji, mimi nasema tu. Deki imefika salama. Nimeunganisha waya mwenyewe kwa kupapasa. Fundi ni fundi.

Tangu Januari sioni hata mwanga wa dirisha. Niliogopa kukuambia, nikijua utajilaumu. Usijilaumu sana. Lakini ile kanuni ilikuwa ya wateja, mwanangu. Mtu wa nyumbani hupewa kilichopo.

Mshonaji anasema picha ni safi ajabu, na umekonda. Nimemuuliza kama kitambaa ni kile cha bluu, akasema ndicho. Kila siku nakaa kusikiliza sauti yako mpaka unaponyamaza. Hapo huwa ananiambia, "Sasa amesogea karibu." Nami navuta kiti mbele.

Baba yako