Wapagazi wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Upepo na vumbi. Nimefagia duka mara mbili na bado kaunta ni nyekundu.

Eustace amekuja, yule anayechora majengo kwa kompyuta. Ameleta kadi mbili za picha, zile za kuchomeka ndani ya kompyuta. Moja ya bei ya chini, ina feni moja tu. Nyingine ya juu kabisa, feni tatu, nzito kama tofali — ya kuazima, mwenyewe yuko Dar. Anatengeneza filamu ya jumba la zamani, la wafanyabiashara wa misafara ya Ujiji. Mgeni atakaa mbele ya skrini, atashika mausi na kutembea ndani: mlango wa nakshi, ua, vyumba. Swali lake ni moja. Kadi ndogo inatosha, au ahangaike kutafuta kubwa?

Nimemwambia majibu ya hivyo yamejaa mtandaoni. Amekataa. Anataka nipime kwa jumba lake, nitazame mwenyewe, nimwambie.

Sawa. Kazi ni kazi.

Jumanne, 9 Septemba

Ndogo kwanza. Kipimo kinasema fremu, yaani picha, thelathini na kitu kwa sekunde, uani zinashuka hadi ishirini. Feni inalia kama mashine ya kusaga.

Halafu kubwa. Mia na ishirini. Feni husikii.

Tofauti kubwa kwa namba. Kwa macho — sikuiona. Nimesimama mbele ya mlango ule kwa kadi zote mbili. Nakshi ni zile zile. Nimeenda uani, nimerudi. Sawa tu.

Labda kipimo ni kibovu. Kesho nafuta draiva zote, programu za kuendesha kadi, naanza upya.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza upya. Namba zile zile.

Mchana mke wangu Najiat ameleta wali na mlenda. Akasimama nyuma yangu akitazama kadi ndogo inavyokwenda. Akasema hii mbaya, wapagazi wanarukaruka. Nikamwuliza wapagazi gani. Akacheka.

"Hawa hapa kushoto, Baba Zamda. Hawa wenye mizigo."

Nikafuata kidole chake. Nikageuza kichwa chote. Wapo. Safu ndefu, mizigo kichwani, wanaingia uani mmoja mmoja. Wanakwama, wanaruka, mwingine anapotea miguu. Nikarudisha macho mlangoni: hakuna mtu. Si giza. Ni ukuta, mzuri kabisa, mweupe.

Nikamwambia nilikuwa namtania.

Alipoondoka nikaweka kubwa. Nikageuza kichwa. Wanatembea laini, hata vivuli vyao vinapanda ukutani. Nikarudi mlangoni. Ukuta.

Nimekula wali wote. Haukuwa na ladha, lakini nadhani ni mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemgusa mtu wa baiskeli kwa usukani wa pikipiki, karibu na Isevya. Magunia ya mkaa yakamwagika. Amenitukana sana. Nimeokota mkaa naye. Alikuwa anakuja upande wa kushoto, anasema alipiga kengele.

Nimeuza kibodi moja.

Jumamosi, 13 Septemba

Duka. Hakuna la kuandika. Nimefunga jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto peke yake. Kama kutazama kwenye tundu la kitasa. Nimefungua. Nimemalizia kuchomelea chaja ya mteja.

Jumatatu, 15 Septemba

Kliniki ya macho. Najiat nimemwambia nafuata vipuri.

Daktari ni mwanamke, Dafrosa, rika la wadogo zangu. "Shikamoo, kaka." Marahaba. Akanikalisha mbele ya mashine yenye bakuli jeupe. Unaona nukta ya mwanga, unabonyeza. Nilibonyeza nilizoziona. Kati ya nukta na nukta kulikuwa na kimya kirefu. Nikajua kwenye kile kimya nukta zinawaka.

Presha ya macho. La kushoto karibu limekwisha, la kulia limeanzia upande wa puani. Kwa hiyo kushoto hakuna jicho linalolinda. Haliumi, ndiyo maana watu hawaji. Nikamwuliza mbona naona ukuta. Akasema ubongo unajaza wenyewe, unachukua cha jirani na kuziba pengo.

"Kilichopotea hakirudi, kaka. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Pikipiki acha kwanza. Na mkeo aje tuongee naye."

Nikasema atakuja. Nikashukuru. Nje kulikuwa na mama anauza karanga, nikanunua. Nilitegemea kuhisi kitu. Nimekula karanga.

Pikipiki nimeisukuma hadi nyumbani. Najiat kauliza. Nimesema plagi imekufa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemaliza kupima. Kadi hizi mpya zina ujanja: kadi ikizidiwa inabuni fremu za katikati, inazichomeka kati ya zile za kweli. Nimeuwasha kwenye ndogo. Namba imepanda mpaka sitini. Nimegeuza kichwa nikawatazama wapagazi. Wanatembea afadhali, ila mguu ukipita nyuma ya mzigo unaacha ukungu. Mgeni asiyejua atapita. Anayejua ataona.

Dawa naweka chooni, nimeficha nyuma ya ndoo. Tone moja linaingia jichoni, matatu shavuni.

Ijumaa, 19 Septemba

Eustace amekuja baada ya swala. Nimemwonyesha ndogo, ndogo na ujanja, halafu kubwa. Nimemsomea namba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Namba nimezielewa, Fundi Adinani. Wewe uliona nini?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Nilitaka kusema ndogo inatosha na ujanja wake, mambo yaishe. Angeniamini. Ningempa jibu la jumba ambalo nusu yake sikuliona.

Nikasema, "Wapagazi sikuwaona. Kwa kadi yoyote."

Akadhani namlaumu. Akaanza kusema atawaongezea rangi, atawasogeza katikati. Nikamwambia wachoraji wengine wangefurahi kuwa na wapagazi kama wale, waache pale pale. Ni macho yangu. Upande wa kushoto haupo, na daktari amesema haurudi. Tafuta mtu mwingine akutazamie. Kwa namba, chukua kubwa.

Nilisema kama ninayesoma bei.

Eustace akainama, akazima skrini, sijui kwa nini. Kisha akasema, "Shikamoo, mama," na si mimi niliyekuwa naambiwa.

Najiat alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Sijui alifika lini. Akamwitikia, akatumiminia, vikombe vitatu. Eustace amekunywa haraka, ameacha kadi zote mbili, ameaga.

Sasa naandika kwenye kaunta. Najiat yuko uani, nyuma ya duka, anaosha vikombe vile vitatu, na maji ya bomba yanaendelea kumwagika muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mimi sijamwita.

Bomba limefungwa. Kandambili zinakuja. Zimezunguka, zimepita kushoto, zimesimama karibu kabisa. Nasikia anavyohema.

Nikitazama bila kugeuka kuna rafu ya nyaya tu, imepangwa vizuri.