Ugonjwa Wenye Mkia

Jumamosi, 13 Januari 2024

Nimewaficha watu jambo moja. Moyo wangu siku hizi unapiga kama mashine ya boti iliyoingia maji, basi naliandika kabla haijazimika. Sikubaki hapa kisiwani Chovae kwa ajili ya makaburi. Sababu yenyewe imelala juu ya msala wangu, inakoroma. Ni paka.

Haya, nimeliandika. Halikuuma sana.

Anaitwa Bizari, kwa rangi yake. Jina alimpa marehemu mke wangu, Kaltuma. Ana miaka kumi na sita, sikio moja limechanika, na meno yaliyobaki ni ya kuonyesha tu. Rawda, binti yangu aliyeko Mombasa, amenitengea chumba tangu mamake alipofariki. Kina feni, kina dirisha la barabarani. Lakini mumewe, Mahir, ana pumu — paka akipita mtaa wa pili, yeye kifua kinabana. Nikienda, Bizari anabaki. Basi sikwenda.

Uongo ulianza siku alipokuja Mukhtari, mjukuu wa ndugu yangu, kutoka Ulaya. Akanikalisha barazani, akaelekeza simu, akauliza: Babu, wenzio wamehama, wewe umebakia nini? Bizari alikuwa mapajani mwangu. Mimi nimesomesha skuli Kismayu maisha yangu yote, hesabu na historia. Niseme paka? Nikasema: "Nikiondoka mimi, nani atawasomea Fatiha wazee wetu?" Video ikafika Mombasa, ikafika Uingereza. Watu wakalia. Tangu hapo mimi ni mlinzi wa makaburi.

Leo nikimchana manyoya nimegusa uvimbe tumboni mwake, penye chuchu. Mgumu kama kokwa ya tende. Na mwingine mdogo kwapani.

Labda ni jipu.

Jumatatu, 15 Januari

Si jipu. Nimempaka mafuta ya habasoda siku mbili, hakuna kilichobadilika ila sasa ananuka kama duka la dawa za kiarabu.

Fumo, jirani yangu mvuvi wa kamba, anapeleka mzigo Kismayu kesho. Nimeomba nafasi. Nikamwambia nakwenda kwa daktari. Sikusema daktari wa nani.

"Na Bizari?" akauliza, alipokiona kikapu.

"Siwezi kumwacha peke yake."

"Wallahi Maalim, una huruma. Mgonjwa wewe, na bado unamfikiria paka."

Sikumsahihisha. Jambo la ajabu kwa mwalimu.

Jumanne, 16 Januari — Kismayu

Bahari ilitulia. Bizari alilia mpaka tulipopita kisiwa cha Koyama, kisha akaamua kulala. Mimi nilitapika, yeye hapana.

Daktari anaitwa Abdirahim. Kazi yake ni kukagua mbuzi na ngamia kabla hawajapandishwa melini. Kijana mrefu, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisomali, mikono yake mikubwa mno kwa mnyama wa kimo hiki. Kwanza alitazama nyuma yangu, akitafuta mbuzi. Nikafungua kikapu.

"Maalim," akasema, "watu huniletea ngamia wa kusafirishwa. Huyu anasafirishwa wapi?"

Nikamwambia haendi popote, ndiyo shida yenyewe.

Akamlaza juu ya meza ya bati. Bizari akamparura. Akasema ngamia wote aliowashika hakuna aliyemtoa damu, kisha akawa mpole zaidi. Alimpapasa kwa vidole viwili, taratibu, akasikiliza kifua. Akaosha mikono muda mrefu. Nilijua.

Ni saratani. Imeshafika kwapani, na anadhani imegusa mapafu. Kumpasua kwa umri ule ni kumuua mezani. Amempiga sindano ya maumivu, akanipa dawa ya kuosha kidonda kikifunguka, akasisitiza nisimpe Panadol hata kipande, maana kwa paka ile ni sumu. Nimpe anachopenda kula.

"Na akiacha kula?"

Akaandika namba yake ya simu. Akasema ipo dawa ya kumlaza asiamke, ni upole pia. Nikaikunja namba, nikaitia mfukoni. Akanisindikiza hadi mlangoni, akaniangalia miguu, akasema nami nimwone daktari wa watu, miguu yangu imejaa maji. Nikamwambia mgonjwa mmoja kwanza.

Alhamisi, 18 Januari

Tumerudi jana. Leo nimefika msikitini adhuhuri, imamu akaniombea dua mbele ya watu: Mungu amponye Maalim wetu, mlinzi wa waliotutangulia. Safu nzima ikasema amina. Nami nikasema amina. Ningefanya nini? Moyoni nikaielekeza dua kwa Bizari. Naamini ilifika, dua haina nauli.

Fumo, kumbe, alipouliza nimeambiwa nini kule, nilimjibu "uvimbe." Akaelewa alivyoelewa. Sasa kisiwa kizima kinajua Maalim ana uvimbe.

Jumamosi, 20 Januari

Siku nzuri. Desturi yetu: boti ikishuka na samaki, mzee wa mji hupewa kitoweo chake kabla hawajauza. Mimi tangu ile video napewa samaki changu mmoja, wakati mwingine wawili. Tangu nimekuwa "mgonjwa" nimeletewa changu, tafi, na leo kolekole kipande kizima. Bizari amekula kolekole, amelamba sahani, kisha ameniangalia kama mgeni wa harusi anayeuliza pilau inakuja saa ngapi.

Hajawahi kula vizuri hivi tangu azaliwe. Saratani imempandisha cheo.

Nimejifunza kumwosha. Maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, pamba. Ananiuma, lakini kwa meno yale ni kama kuumwa na kanzu. Kisha analala ndani ya leso ya Kaltuma. Nilikuwa nikijiambia nampenda kwa sababu ya Kaltuma. Hata hilo si kweli. Kaltuma alimpenda kwa sababu zake. Mimi nampenda kwa kuwa nikisoma gazeti la zamani kwa sauti, yeye hasikilizi lakini haondoki.

Jumapili, 21 Januari

Bimdogo amekuja na uji. Ni mdogo wake Kaltuma, shemeji yangu, na ndiye anayezalisha wanawake waliobaki hapa. Hakuketi. Habari zake si nzuri.

Saada, mke wa Fumo, ana mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma, jana aliona vimulimuli machoni. Bimdogo anasema hiyo si kazi yake tena, ni kazi ya hospitali, na si kusubiri uchungu. Mwaka jana yeye na Fumo walisubiri. Mtoto alizaliwa ndani ya boti, katikati ya njia, hakulia.

"Basi wahamie Kismayu sasa," nikasema.

"Mwambie mumewe. Anasema hahami."

"Kwa nini?"

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyekojoa kitandani na kusingizia mvua. "Kwa sababu yako wewe, shemeji."

Nieleze hapa, ingawa nayajua. Mtu wa Chovae akihama na nyumba yake, hapandi chomboni kabla hajamuaga mkubwa wa mji, naye amsomee Fatiha mlangoni. Hakuna aliyewahi kuondoka bila hiyo. Mkubwa wa mji ni mimi. Na Fumo anaona haya kusimama mbele ya mzee mwenye uvimbe, asiyewaacha maiti wake, kumwambia kuwa yeye, kijana mwenye afya, anakwenda. Alimwambia Bimdogo: "Maalim akikaa, nami nakaa."

Kwa hiyo yeye anakaa kwa ajili yangu, nami nakaa kwa ajili ya Bizari. Nimefundisha hesabu miaka yote ile, hii sikuipenda.

Jumatatu, 22 Januari

Nilimwita Fumo nimwambie ukweli. Nikamwambia: "Mwanangu, ukihama mimi sitaona vibaya."

Akainama akanibusu mkono. Akasema hapo ndipo anapojua mimi ni mtu mkubwa, na kwa maneno hayo hahami kabisa.

Nimeharibu zaidi.

Bizari amekula nusu.

Jumanne, 23 Januari

Hajala. Kunusa tu. Nimemchambulia changu, nikamtia mdomoni kwa kidole, akatema kwa adabu.

Rawda amepiga simu, analia. Habari za uvimbe zimefika Mombasa. Anataka kuja kunichukua. Uko wapi huo uvimbe, baba? Nikasema tumboni. Kwa hilo sikusema uongo, tumbo la nani hakuuliza. Akasema Mahir mwenyewe amesema nije. Mahir! Mtu mwema, kifua chake ndicho kibaya. Nikamwambia tutazungumza, mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumatano, 24 Januari

Kitoweo kinarundikana. Nilitaka kuwapa paka wa jirani, Bimdogo akanikuta uani na samaki wa siku mbili kwenye bakuli.

Akaenda chumbani, akafunua leso, akamtazama Bizari, akampapasa tumbo kwa mikono yake ya kuzalishia. Akarudi.

"Shemeji, ugonjwa wako una mkia."

Nikasema ndiyo.

"Na makaburi?"

"Unajua nani huenda makaburini."

"Najua. Mimi. Kila Alhamisi, na magoti haya haya." Akaketi, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Mtu mzima, umesoma, unaona haya ya paka."

Nikamwambia si haya ya paka. Ni kwamba watu walilia. Kule Uingereza kuna mzee ameitundika picha yangu ukutani. Na hapa wanaponiona nikipita wanainuka. Nikisema ni paka, watacheka, na mimi sina muda wa kungoja wamalize kucheka.

"Wacheke," akasema. "Dada yangu alikucheka miaka arubaini, ulikufa?"

Kisha akanieleza habari za Saada. Usoni pia amevimba sasa. Khamis, mwenye boti kubwa, anashuka Kismayu Ijumaa maji yakijaa. Bimdogo amemwomba aache nafasi ya watu wawili. Hakuniambia la kufanya. Aliondoka na samaki.

Alhamisi, 25 Januari

Nimeweka namba ya Abdirahim juu ya meza. Nimeiondoa. Nimeiweka.

Bizari amekunywa mchuzi kidogo, vijiko viwili. Alijilamba mkono mmoja, akachoka, mwingine akauacha. Nikamlamba — hapana, nikampangusa kwa pamba. Hata mimi nina mipaka.

Nilifikiri kusubiri. Akifa, nitaondoka zangu kimya kimya, nitasema Rawda amenilazimisha, na heshima yangu itabaki. Mpango mzuri. Ila tumbo la Saada halimsubiri paka wangu.

Ijumaa, 26 Januari

Fumo ametoka sasa hivi. Hakuaga. Sijui amekwenda kumchukua mkewe au amekwenda kucheka. Chombo cha Khamis bado kiko ufukweni, nasikia mashine inawashwa, inazimwa. Nimemsomea Fatiha hapa hapa nilipoketi, asije akaondoka bila. Niandike niliyosema kabla sijaanza kuyapamba.

Alikuja baada ya sala na tafi wawili wabichi. Kitoweo cha mgonjwa. Macho yake mekundu, hakulala. Akasema Saada ametapika asubuhi, Bimdogo anapiga kelele, Khamis anaita, na yeye amekuja kukaa nami kidogo apate moyo wa kubaki. Moyo wa kubaki! Kwangu.

Bizari alikuwa mapajani, ndani ya leso. Alitoa kichwa, akamnusa tafi, akakirudisha.

"Hata paka wako anahuzunika kwa ugonjwa wako," Fumo akasema.

"Si ugonjwa wangu. Ni wake."

Hakuelewa. Nikafunua leso, nikamwonyesha uvimbe. Nikamwambia Abdirahim ni daktari wa mbuzi. Nikamwambia dua ya msikitini aliombewa huyu, na kolekole alikula huyu, wote.

"Lakini makaburi, Maalim. Mimi niliiona ile video. Tulikuwa tunaitazama na Saada."

"Makaburini sijafika tangu mwaka juzi. Anayesoma ni Bimdogo, muulize."

Akamtazama Bizari muda mrefu. Ufukweni Khamis akaita tena, safari hii kwa jina: Fumo, we Fumo, maji yanatoka.

"Sasa wewe hapa," akasema polepole, "umekaa kwa ajili ya nini?"

Nilimshika Bizari kwa mikono miwili, amekonda, amekuwa mwepesi kama kofia. Nikasema: "Kwa ajili ya huyu, mwanangu. Lau mkwe wangu angekuwa na kifua kizima, mimi ningekuwa Mombasa kabla wewe hujaoa."