Table ya Sauti Imehamia Parokia

Bunia, Jumatatu

Yaya Hilaire, mukubwa wangu,

Siye tuko muzima, na mahindi ya mama imeota vizuri. Televizyo yetu, kule nilikuwa natumika, ilifunga mwezi uliopita. Patron, mwenye televizyo, alitushukuru, kisha akazima taa ya studio yeye mwenyewe.

Vyombo vya sauti vilitawanyika. Mikrofoni zilienda Ariwara na mufanyabiashara moja. Table ya sauti, ile meza ya vifungo vya kupima sauti nilikuwa natumikisha miaka kumi na moja, ilichukuliwa na parokia. Padri akaniambia, "Sylvie, ukuje nayo. Nani mwingine anaijua?"

Nilikataa. Mama anasema niko na kiburi, na nilimuacha aseme vile. Yaya, tangu Noeli sikio langu la kushoto halisikie tena, na la kuume linaendelea kupunguka. Munganga wa hospitali alisema hakuna dawa. Ni weye wa kwanza kujua.

Lakini nilikubali kumufundisha Valérie wa kwaya. Kila Jumamosi tunakaa mbele ya table. Namuuliza, "Unasikia nini?" Ananieleza, na mi namuonyesha kifungo cha kugeuza. Anafikiri ni vile tu nafundishaka.

Unisalimie watu wa Mahagi.

Dada yako mudogo,
Sylvie