Kiti cha Yakubu

Komini ya Kisangani,
Kisangani, Tshopo.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Karima,

Asalamu aleikum. Je, kile kifua chako kimepoa tangu mvua zianze huko Kampala? Na Aboubakar mumeo, bado anasimama dukani kutwa nzima na ule mguu wake? Ninawaombea nyote uzima.

Sisi hapa tupo. Mto umejaa, na Rachida mjukuu wangu ananigombeza kila siku kwa kuacha uji. Lakini mimi nimekwisha, mwanangu. Donda la koo limekula sauti yangu, na sasa kuandika ndiko kusema kwangu. Rachida atazipiga picha karatasi hizi na kukutumia kwa simu leo hii. Najua atazisoma, na nyumba nzima itajua. Nimekubali.

Mwanao Mahmoudi alifika salama kwa lori la Bunia. Amekuwa mrefu kama marehemu baba yako, mdogo wangu. Kila asubuhi ananibeba mgongoni kunitoa nje nipate jua, ananiosha miguu, kisha anaketi karibu nami kunoa panga. Jana alirudi na damu kwenye shati. Alimpiga mvuvi mmoja sokoni mpaka akataja mahali anapolala Bavon, yule mtoto wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, aliyemuua mdogo wake Yakubu. Aliniona mimi babu yake namtazama, akacheka kidogo.

"Tulia, koko. Ijumaa nitasali kwanza, kiisha nitaenda kule ku maporomoko. Haitakawia."

Kwa hiyo nataka uyajue haya kabla ya Ijumaa.

Unakumbuka serikali ilipotangaza, miaka sita iliyopita, kwamba shule ya msingi ni bure. Watoto waliingia mpaka wale waliokuwa wakiuza maji barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa direkta, mkuu wa shule. Darasa la Yakubu lilibanana mpaka dirishani. Walimu wengi hawakuwa wametambuliwa na serikali, wakafundisha bila mshahara, na baadhi wakaacha kuja. Nikatoa amri mbele ya bendera kwamba kila mtoto aje na kiti chake, na asiye na kiti abaki nje. Baba yako, kwa kuwa alikuwa seremala, akamchongea Yakubu kigoda cha mti mgumu mwekundu. Wewe mwenyewe ulikipaka mafuta.

Karima, shule ilikuwa na mabenchi. Yalikuwa mapya, yameletwa na wafadhili, nami niliyafungia stoo na ufunguo nikautia mfukoni. Niliyakodisha kwenye matanga na arusi. Mwanzoni nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya chaki na wale walimu wasiolipwa. Baadaye sikujiambia kitu tena.

Bavon hakuwa na kiti, na kila asubuhi nilimfukuza. Siku ile aliwahi kabla ya wenzake, akakalia kiti cha Yakubu. Nilikuwa nikipita dirishani, nikamsikia mwanao.

"Toka hapo, mutoto ya Wagenia. Enda uikale mu mayi na samaki zako."

Darasa likacheka, nami nikapita. Yakubu alimpiga teke la mdomo. Bavon akainuka na kile kiti mkononi, akakishusha kwa nguvu zake zote, pembe ikaingia kwenye panja la Yakubu. Mwalimu Ursule alikuwa ubaoni akipiga kelele, akashindwa kuwafikia. Sakafu ilikuwa imejaa watoto, akawa anawakanyaga mikono.

Niliporudi, mwanao alikuwa bado anapumua. Ningeweza kumkimbiza hospitali. Badala yake nilimburuta Bavon hadi kwenye mlingoti, nikampiga kwa mpira wa tairi mbele ya shule nzima, mpaka mkono wake ukavunjika nikausikia, na bado nikaendelea. Sikuwa na hasira naye. Nilitaka macho yote yawe kwake, yasigeukie mlango wa stoo. Ursule ndiye aliyempakia Yakubu kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria, akitembea kando na kumshika kichwa. Walipofika alikuwa amekwisha kata roho.

Jioni vijana wa mtaa wetu waliteremka mtoni. Walimtoboa jicho Hubert, baba yake Bavon, wakakatakata mitego yake, wakachoma nyumba huku kitoto kinalia ndani. Jirani alikitoa kimeungua mgongo. Vijana hao walipita mbele ya baraza yangu na marungu yao. Wengi niliwafundisha kusoma, na neno moja langu lingetosha. Niliingia ndani kutawadha.

Kesho yake mabenchi yaliletwa kwenye matanga ya Yakubu. Uliketi juu ya moja, ukanishika mkono, ukaniambia, "Papa mukubwa, Mungu akulipe. Hata fasi ya kuikala umetutafutia."

Nikakujibu, amina.

Sisemi kwamba Bavon hakuua. Aliua, naye alikuwa mtoto. Mkono wake haukunyooka tena, hawezi kufunga mitego ya baba yake kwenye maji makali. Na shule ile, Rachida ananiambia, bado watoto wanaketi chini.

Ukimaliza kusoma, mpigie Mahmoudi. Mimi sina sauti, na hata ningekuwa nayo, pengine ningenyamaza tena. Wewe anakutii. Mwambie yote, usinihurumie. Akitaka kuuliza habari ya damu ya ndugu yake, mimi nipo chumba cha pili, na mlango wangu hauna komeo. Kesho asubuhi atakapokuja kunibeba, awe anajua anambeba nani.

Nisalimie Aboubakar, na Asha binti yako, ambaye sitamwona. Rachida anakusalimu, sijui kama atakusalimu tena kwa jina langu akimaliza kusoma. Mungu akuachie huyu aliyebaki, na mikono yake iwe safi. Sikuombi msamaha, mwanangu. Nakuomba upige simu.

Ni mimi niliyekupenda, nikakudanganya,
papa yako mukubwa,
Hemedi