Filamu Niliyoitazama Ndani ya Kanga

Mjukuu wangu Baraka,

Hujambo huko Perth? Sisi hapa St Marys hatujambo. Mama yako yuko shift, na majani ya mti wa jirani yamejaa uani kwetu.

Umeniuliza ni filamu gani ya zamani ya kutisha ninayoipenda vuli kama hii ya majani kupukutika. Ni ile ya maiti anayefufuka jenezani; jina lake sikulijua. Nilikuwa mtoto gari la sinema lilipokuja kijijini, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba. Jeneza lilipoanza kufunguka, bibi yangu akanifunika uso kwa kanga yake. Kanga yenyewe ilikuwa imechakaa, nikaona yote. Nikageuka kumtazama: amefumba macho, kanikumbatia kwa nguvu. Hofu ikaniisha palepale, maana nilikuwa na mtu wa kumlinda.

Jumamosi nilimsimulia mdogo wako Neema, akaitafuta kwenye simu mpaka akaipata. Tukavuta mapazia, tukatazama na chai yetu. Jeneza lilipofunguka nikamfunika kwa kanga. Punde nikasikia mkono wake mdogo ukinipapasa goti.

"It's okay, Bibi. Ameshaenda. You can open your eyes."

Akupendaye,
Bibi