Nahodha wa Trela

Jumatatu, 3 Machi

Chai, viazi vitamu, dawa ya presha. Halafu safari ya Turbo, kwa shamba, kuendesha meli.

Meli yenyewe ni trela langu la mahindi. Chebet, msichana wangu wa pili, injinia, amelipigilia mbao juu na kuchora duara jeupe katikati. Mimi nalivuta na trekta juu ya shamba nililolima Januari, mabonge makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Trela linayumba. Droni inaruka kutoka hapo, inazunguka, inarudi kutua. Siku moja itafanya hivyo kwa meli ya kivita, na bomu tumboni. Huko Mombasa walikojaribu kwanza, zilizokosa kutua zilimezwa na maji ya chumvi. Hapa ikianguka tunaiokota, tunaipangusa udongo.

Bahari nimeiona mara moja tu na sikuipenda. Lakini wenzake Chebet wananiita Nahodha. Siwakatazi.

Leo imejaribu kutua tangu asubuhi mpaka saa kumi. Imefaulu mara moja. Kichwa chini.

Jumatano, 5 Machi

Bomu la mazoezi ni mfuko wa chokaa. Lilipaswa kuangukia pipa kando ya bwawa. Likaangukia Waziri, ng'ombe wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu anakula sana na hana kazi. Alisimama pale mweupe kama malaika, akaendelea kutafuna. Otieno, jamaa wa Kisumu anayeshika rimoti, akakimbia kuomba msamaha. Kwa ng'ombe. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye sikucheka. Nilimwuliza Chebet, mfuko ungekuwa bomu la kweli, leo tungekuwa tunazika nani? Akaangalia chini.

"Sijui, Baba. Ndiyo maana sitaki ikosee."

Sijui kama naipenda hii kazi yake. Yeye nampenda. Hayo ni mambo mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Mkubwa wa wanamaji atakuja Ijumaa ijayo kuona kwa macho. Isipotua, kazi inafungwa, kila mtu kwao. Chebet aliniambia akiosha mikono, kama mtu anayesema sukari imeisha. Lakini hakula. Mama yake alimwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kikombe chake cha zamani. Hakugusa. Huyu mtoto tangu aache kunyonya hajawahi kuacha mursik.

Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Nimemdanganya Mama Chebet kwamba tumbo linauma. Ameenda kanisani kuniombea. Mimi nikaenda Turbo na lori la Abdi, jirani yetu hapa Kimumu, msafirishaji wa mchele. Nikafunga haro, vile visahani vya kuvunja mabonge, nikapiga shamba mara mbili. Likawa laini kama unga wa chapati. Trela sasa litatembea kama kitanda cha hospitali. Nimesawazisha udongo miaka arobaini. Ndiyo njia moja ninayoijua ya kumsaidia mtu.

Abdi aliporudi kunichukua aliuliza mbona napiga haro na wenzake Chebet bado hawajamaliza majaribio. Nikamwambia. Akashusha gia, akanitazama.

"Mzee, mimi nimefunga Ramadhani. Chebet akiniuliza, sidanganyi."

Nikamwambia hakuna mtu atamwuliza msafirisha mchele mambo ya ndege.

Jumatatu, 10 Machi

Chebet ameliona shamba mara moja. Amelelewa hapo. Nikamwambia mvua iko karibu, lazima nipige haro, na hata hivyo navuta kwa gia kubwa zaidi, kuyumba ni kule kule. Akanitazama kidogo. Akakubali.

Imetua. Kila mara. Otieno amecheza juu ya trela. Chebet amenikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Jioni amekula ugali wa watu wawili na mursik juu yake.

Nina raha. Sina raha.

Jumanne, 11 Machi

Imetua tena, kila mara. Mchana kwa chai nikamsikia Chebet akiwaeleza wenzake. Hii droni inajifunza. Kila ikitua inaweka kichwani jinsi meli inavyotikisika, na siku nyingine inatumia hayo. Halafu akasema kuna siku bomu linarudi bila kutumika. Droni ikitua vibaya nalo, wanaokufa ni wanamaji wetu wenyewe, walio pale juu ya meli.

Chai ikanishinda. Nimeifundisha bahari ambayo haiko. Niliishia darasa la tano, na bado najifanya mwalimu.

Jumatano, 12 Machi

Nilikusudia kusema asubuhi. Nikaongea juu ya Waziri. Nikakusudia saa nne. Nikaongea juu ya dizeli. Saa saba walipoenda kula kwa hoteli pale senta, nikafunga plau, nikaanza kulima shamba upya. Wakarudi nikiwa katikati. Chebet akasimama mbele ya trekta mpaka nikazima.

Nikamwambia yote. Hata habari ya tumbo.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mashine iliniambia meli imetulia, Baba. Nikasema mashine imekosea, kwa sababu wewe ulisema."

Akaingia kwa gari, akafunga mlango polepole. Otieno akaniletea maji. Hakuniita Nahodha. Alisema tu, "Mzee, kunywa."

Nyumbani nimekula peke yangu. Mama Chebet amezima hata redio. Ametaka kujua tu ni maombi gani alipoteza Jumapili.

Aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Chebet amefuta yote ya Jumatatu mpaka jana. Tuna siku moja. Nilipowasha trekta aliniambia neno moja: "Vibaya."

Nimeendesha vibaya. Nimeendesha kama mlevi anayemtoroka chifu. Nimepanda mabonge, nimeingia mitaro, nimekata kona mpaka trela likalia. Droni imeanguka. Imeanguka. Imekwama kwa ua. Imeanguka. Otieno ameacha kupangusa udongo.

Saa kumi ikatua moja. Kabla jua kushuka zikafuatana tatu. Chebet akaja mpaka kwa trekta, akanipa ndizi, akaenda. Sijawahi kula ndizi tamu hivyo.

Mgongo unawaka moto. Sawa tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkubwa wa wanamaji ni mama mfupi, viatu vinang'aa. Akauliza nahodha wa hii meli ni nani. Nikainua mkono.

"Umewahi kuingia baharini, Mzee?"

"Mara moja, mama. Mpaka magoti."

Akacheka. Ndipo wale wa Nairobi aliokuja nao wakacheka.

Mfuko wa kwanza ulipiga pipa. Waziri nilikuwa nimemfunga nyuma ya ghala, leo hatukutaka siasa. Mfuko wa pili yule mama akaagiza usiangushwe. Droni irudi nao.

Droni ikaja, ikashuka, trela likainuka, ikapaa tena. Mara ya pili hivyo hivyo. Wageni wakaanza kunong'ona. Kule ukingoni kuna kipande ambacho plau ya Jumatano haikufika, bado laini. Mikono yangu ilitaka kwenda huko yenyewe. Mara moja tu. Hakuna ambaye angejua.

Nikaviona vile viatu. Nikaviwaza vikiwa juu ya meli.

Nikakata kulia, kwa mtaro mbaya kuliko yote. Trela likalala upande huu, likalala upande ule. Droni ikangoja juu, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuruka kamba. Ikangoja tena. Halafu ikakaa katikati ya duara. Chokaa haikumwagika hata kidogo.

Yule mama aliandika kitu, akampa Chebet mkono, akaushika muda mrefu. Kazi haifungwi.

Chebet hakunikumbatia. Alikuja akapanda, akakaa juu ya madigadi ya gurudumu, pale alipokuwa akikaa akiwa darasa la pili.

"Endesha, Nahodha."

Tukazunguka shamba bila sababu yoyote.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Abdi ameleta pilau. Amesema saumu imeisha, nikiwa na siri nyingine sasa nimpelekee.

Mvua ilianza juzi. Chebet yuko Mombasa, kwa meli ya kweli. Alipiga simu, akasema bahari inatikisika karibu kama mimi. Kila nikisikia ndege juu ya mji nauliza moyoni imebeba nini. Zamani sikuuliza.

Shamba nimelipiga haro vizuri, nimepanda. Kipande kile cha karibu na bwawa, chenye mtaro ule ilipotulia droni, nimekiacha na mabonge yake. Mama Chebet ameuliza kwa nini naacha ardhi bure. Nimemwonyesha pale trela lilipolala upande. Amekitazama kidogo, akasema basi nisikiguse.

Waziri bado ana chokaa ndani ya sikio. Nimejaribu kuitoa na kitambaa. Amekataa. Nimemwacha kwa mvua.