Kutembea Bila Mzigo Kyavinyonge

Kyavinyonge, jumanne 8 juni 1999. Asubuhi ukungu juu ya ziwa, baadaye jua kali.

Dada Masika mpenzi,

Samaki wa huku ni watamu kuliko wale wanaotufikia Butembo. Leo nilitoka kuzunguka ufuko karibu na nyumba tuliyopanga. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akanisimamisha.

"Unaenda wapi, mama?"

"Natembea tu, naangalia ziwa. Niko mu vacances, napumzika."

"Vacances mu vita? Bila muzigo? Weye ni espion, unapeleleza!"

Alikuwa ameshanishika mkono kunipeleka bureau, ofisini kwao, ndipo akatokea Mama Kavira, mwenye nyumba wetu, na kuni mgongoni. Akanipakia nusu ya kuni zake, kamba kwenye paji la uso. "Beba, nyamaza." Askari akafungua njia: "Pita, mama, kazi njema!"

Kurudi pia nilihitaji mzigo, nikapewa samaki. Kwenda tena, kuni. Hivyo nimeona ufuko wote na viboko sita majini, na Mama Kavira ana kuni za wiki nzima za kukaushia samaki.

Wabusu watoto. Shingo haigeuki, lakini nawawaza sana. Saa moja na dakika kumi jioni, nalala.

Kahindo